Ship ya friendship haina maji: jibu kwa binti wa Likoni anayesomea uuguzi

Swali nimelipata kutoka kwa binti mmoja wa Likoni aliye mwaka wa pili wa uuguzi, nalifupisha kidogo: "Shikamoo mwalimu. Darasani twakaririshwa -itis, -ectomy, -ostomy, -osis kama kasuku, mtihani ukipita vyote vimeruka. Nauliza, hivi vimikia vya maneno vina maana kweli ama ni mapambo tu? Na kama vina maana, mbona friendship ina ship na haihusiani na meli? Juzi nikiwa kwa feri niliona meli yaingia Kilindini nikawaza hilo nikacheka peke yangu, watu wakaniangalia."

Marahaba mwanangu. Waache wakuangalie. Mimi nimefundisha Kiingereza skuli za hapa Mombasa miaka 30 na kitu, sasa nimestaafu nafanya kazi ya kutafsiri makaratasi ya watu, hati za mashamba, vyeti, barua za hospitali, na bado kuna siku nakutana na neno kwa gazeti nacheka peke yangu barazani kikombe cha kahawa kikiwa mkononi. Tena swali lako limenigusa penye kidonda manake kuna kosa nililifanya juu ya hivyo hivyo vimikia vyako vya hospitali, ntakueleza mbele.

Jibu fupi ni kwamba ndio, vina maana, na vingi vyake zamani vilikuwa maneno kamili yanayosimama kwa miguu yake yenyewe. Neno likawa lakaa nyuma ya maneno mengine kila siku, likachakaa, likapoteza sauti, mwisho likawa mkia. Ni kama leso, ikiwa mpya ya kwendea harusini, ikichuja yawa ya kumfunika mtoto, ikizeeka kabisa yawa tambara la kuepulia sufuria, lakini uzi ni ule ule na ukitazama vizuri utaona hata herufi za ile methali yake pembeni.

Sasa hiyo ship yako. Meli kwa Kiingereza cha kale ilikuwa scip. Mkia wa friendship ulikuwa scipe, neno lingine kabisa, ndugu yake ni shape, yaani umbo, kuumba. Kwa hivyo friendship ni umbo la urafiki, ile hali iliyoumbika kati ya watu wawili. Yale maneno mawili yalikuja kuchakaa yakafanana basi, kama sisi tulivyo na paa la nyumba na paa mnyama, na hakuna mtu akisikia paa limevuja anadhani swala amekojoa juu ya mabati.

Mtego mwingine kama huo ni -less. Watoto wangu wa skuli wote walidhani ni ile less ya "kidogo zaidi", ati careless ni mtu mwenye uangalifu kidogo. La hasha, hana hata chembe. Hiyo -less yatoka kwa leas, maana yake "bila, aliyeachana na", na jamaa yake wa karibu ni loose, kitu kilicholegea kikatoka. Ile less ya kupungua ina baba mwengine. Na bigger na teacher pia, zote zaishia -er lakini hazijuani, moja ni ya kulinganisha na nyengine ni ya mtenda kazi, na hiyo ya mtenda kazi wataalamu wengi husema makabila ya kale ya Kijerumani, yale yaliyozaa Kiingereza, yaliiokota kwa Kilatini, -arius.

-hood ilikuwa had, cheo cha mtu, hali yake. Childhood, brotherhood, hapo hamna tabu. Lakini usije ukaichukua livelihood ukaiweka kapu hilo, manake hiyo ilikuwa liflad, njia ya maisha, ile lad ni njia, mwendo, watu wakaisahau wakaivisha -hood kwa sababu yafanana na zile nyengine wanazozijua.

Ninayoipenda mimi ni -dom. Zamani ilikuwa neno lake, dom, maana yake hukumu, sheria, na bado liko hai peke yake, doom, ila siku hizi limebaki na ile hukumu mbaya ya mwisho tu. Sasa tazama wisdom, ni wise pamoja na hukumu, uamuzi wa mwenye akili. Hebu na wewe ulete Kiswahili chetu uweke kando yake: hekima, hukumu, hakimu, hayo yote yametoka kwa mzizi mmoja wa Kiarabu, h-k-m. Watu wa kisiwa cha baridi kule na Waarabu wa jangwani hawakukaa kikao, lakini wote waliona kuwa na busara na kukata kesi ni jambo moja. Siku ya kwanza kuliona hilo nilikuwa nasahihisha insha usiku, nikaacha insha nikatoka nje nikatembea mpaka Mlango wa Papa nikarudi, mke wangu akauliza kuna nini, nikamwambia hekima na hukumu ni ndugu, akanitazama vile vile walivyokutazama wewe kwa feri.

Alafu kuna -ly, huo mkia mdogo kabisa unaoning'inia kila mahali, friendly, slowly, daily. Huo ulikuwa lic, na lic ni mwili. Friendly ni mwenye mwili wa rafiki, mwenye sura ya rafiki. Ndo huyo huyo aliyezaa like, "kama". Na makanisa ya zamani ya Uingereza yana lango lenye kipaa juu, laitwa lychgate, maiti ilikuwa yawekwa hapo kusubiri kasisi, hiyo lych ni mwili huo huo, sasa ukiwa umeshakufa. Kwa hivyo kila ukisema slowly umebeba maiti ya neno mgongoni bila kujua.

Usicheke Wazungu bado, manake na sisi tunalo letu. Hiyo -ni ya nyumbani, sokoni, baharini, wapo wataalamu wa lugha za Kibantu wanaoshikilia kwamba kale ilikuwa -ini, na hiyo ini ndilo ini lile lile la tumboni, kwa sababu ini lakaa ndani, basi "ini la nyumba" likawa ndani ya nyumba. Wakikuyu mpaka leo wanayo -ini nzima nyuma ya maneno yao ya mahali, sisi twailamba mwanzo. Mimi nalikubali hilo kwa moyo wote, tena weka hilo ini kando twalihitaji baadae.

Sasa umeuliza kwa nini ni vingi namna hii. Ni kwa sababu Kiingereza ni kama Mji wa Kale, kila aliyeshuka bandarini ameacha mlango wake. Sisi twavaa leso na kulia mezani, yote mawili ya Mreno, twaenda dukani ambako ni kwa Mwarabu na Mhindi, na ukoloni ulipokuja ukatokea dukawala, duka likashonewa mkia wa Kihindi, -wala, mwenye kitu. Kwao ilikuwa hivo hivo. Mwaka 1066 Wanormani wa Ufaransa wakavuka bahari wakaichukua Uingereza, na kwa miaka mingi mwenye cheo akawa aongea Kifaransa na mlalahoi Kiingereza. Hapo ndo ikaingia -ment ya government, -age, -ance, na ile -ee ya mahakamani. Hata ilipopitishwa sheria mwaka 1362 kwamba kesi zisemwe kwa Kiingereza, mawakili waliendelea na Kifaransa chao cha kortini miaka mia kadhaa mbele, na mpaka leo mimi nikiletewa hati ya shamba la Kisauni au Nyali nakuta lessor na lessee, mkodishaji na mkodishiwa, zimekaa kitako.

Hiyo -ee wewe huna haja ya kuikariri, unayo tayari kinywani, ni -wa yetu ya kutendwa. Employer mwajiri, employee mwajiriwa. Trainer mfunzi, trainee mfunzwa. Shida yaja kwa attendee, mhudhuriaji, na escapee, mtoro, hapo mtu ametenda mwenyewe wala hakutendwa kitu, lakini ndo lugha, mtu akishazoea mlango haangalii tena umeandikwa nini juu. Na -able ni -ika yetu, readable, chasomeka, basi.

Mikia pia hufa. Ile -th ya warmth, length, health, growth, zamani ilikuwa yazaa, leo tasa, ukitaka nomino mpya wachukua -ness na hakuna atakayekukataza. Na sisi ni vile vile: zamani mtenda kazi alitengenezwa kwa -i ya mwisho na mara nyingi ile konsonanti ikageuka, pika mpishi, iba mwizi, linda mlinzi, na wewe mwenyewe, uguza, muuguzi. Leo ukitaka kuunda mpya watumia -aji, mchezaji, mwendeshaji, hakuna anayesema "mwendeshi". Kwa hivyo kazi yako unayosomea imevaa kanzu ya zamani.

Kuna mwengine nitautaja kwa sababu una dhuluma ndani yake. -ster. Zamani mwanamume anayeoka mikate alikuwa baecere, mwanamke baecestre, yaani -ster ulikuwa mkia wa wanawake wenye kazi zao. Mwoka mikate Baxter, mfuma nguo Webster, msokota uzi spinster. Wanaume wakaingia kazi zile zile wakayachukua na majina yakawa ya ukoo, na yule spinster msokota uzi karne ya 17 korti zikaanza kuliandika jina lake kama mwanamke asiyeolewa, mpaka mwisho likawa la kusimangia watu. Kisha watu wakasahau kwamba -ster ni ya kike, wakaongeza na -ess ya Kifaransa juu yake, ikawa seamstress, mshonaji wa kike mara mbili. Ni kama sisi tunaposema "mavitu", vitu ni wingi tayari, tumeuongezea ma- juu.

Na kuna mikia ambayo si mikia, ni ajali. Hambaga. Nina jirani yangu, mtu mzima, alikataa kula hambaga ya ng'ombe kwa mjukuu wake kwa sababu ndani ya jina kuna ham, na ham ni nguruwe, akasema hata kama nyama ni halali jina lenyewe limeingia najisi. Nikamkalisha. Hamburg ni mji wa bandari kule Ujerumani, bandari kama hii yetu, na hiyo -er ni ya mtu au kitu cha kutoka mahali, kama Londoner. Hamburger, cha Hamburg. Wamarekani wakalikata neno pasipo kiungo, ham huku burger huku, wakaona burger ni mkia wakaanza kuubandika, cheeseburger, fishburger, chochote. Jirani alisikiliza mpaka mwisho akasema amefahamu, na hambaga hakula.

Workaholic ndo kichekesho zaidi. Alcohol ni Kiarabu, al-kuhl, na kuhl ni wanja. Wanja huu huu anaopakwa mtoto mchanga! Ilikuwa ni ule unga laini kabisa, watu wa Ulaya wakalichukua jina kwa kila kitu kilichosafishwa mpaka kikabaki kiini chake, mwisho likaangukia kiini cha mvinyo. Alafu mtu akalikata alcoholic vibaya akapata -aholic, akaibandika kwa work. Kwa hivyo yule bosi anayelala ofisini, ukimwita workaholic, mkia wake una kipande cha al ya Kiarabu na wanja wa mtoto, hamna hata tone la pombe. Na -gate ya kila skendo ni jina la jengo tu, Watergate, kule Washington, mwaka 1972, ile skendo iliyomtoa rais Nixon wa Marekani mwaka 1974, hata sisi Kenya tukaja kuwa na Chickengate yetu, na lango hapo hakuna wala kuku.

Haya, hospitali sasa, manake ndiko unakotaka kwenda na mimi nimekuzungusha mjini kote.

Lugha ya madaktari imejaa Kigiriki, na -itis wanayokukaririsha ni jambo dogo sana ukilitazama kwa jicho la Kiswahili. Wagiriki walikuwa na ngeli zao kama sisi. Ugonjwa kwao ni nosos, na nosos ni ya kike, basi neno linalofuata lapata upatanisho wa kike, -itis. Arthritis nosos, ugonjwa wa viungo. Watu wakachoka wakaangusha nosos. Ni kama wewe useme "ana wa viungo" na kila mtu ajue ni ugonjwa kwa sababu ya hiyo "wa". Kwa hivyo -itis ni "wa" tu, ngeli iliyopoteza nomino yake! Madaktari wa Ulaya baadae ndo wakaubana uwe na maana ya uvimbe wa ndani wenye joto na maumivu, na wakawa waubandika hata kwa maneno ya Kilatini, tonsillitis, appendicitis, nusu Mgiriki nusu Mrumi, wala hakuna aliyelalamika. Na hepatitis? Hepar ni ini kwa Kigiriki. Wa ini. Kwa hivyo waweza kuingia wodini, ini liko kwa jina la ugonjwa na ini liko kwa ile -ni ya wodini.

-osis ni hali tu, jambo linaloendelea mwilini. -oma mara nyingi ni uvimbe unaoota. -aemia ni haima, damu, na ukiweka an- mbele ni "bila", anaemia, bila damu, kama mama zetu wanavyosema mtu hana damu. -algia ni maumivu, na hapa nikupe moja ya kwenda nayo nyumbani: nostalgia, wanayoimba kwa redio, iliundwa na daktari kijana Mswisi, Johannes Hofer, mwaka 1688, nostos ni kurudi kwao na algos ni uchungu, na aliiandika kama ugonjwa kabisa wa watu walio mbali na nyumbani. Kijana wetu aliyeko Doha akiota mahamri na mbaazi, kwa Hofer huyo ni mgonjwa.

Sasa zile tatu zinazowaangusha kwa mtihani. Zote zina kukata au kutoboa, na mbili zina tome, kukata, ile iliyo ndani ya anatomy, kukatakata, na atom, kisichokatika. -otomy ni kukata tu, umepasua ukaingia. -ectomy imeongezewa ek mbele, "nje", umekata ukatoa nje, kwa hivyo appendectomy kidole tumbo kimetoka hakirudi. Na -ostomy haina tome kabisa, hilo ndo jambo la kushika, ile ni stoma, mdomo. Daktari ametengeneza mdomo mahali ambapo hapakuwa na mdomo. Wodini mtakuwa mwasikia "stoma" kila siku, basi Kigiriki hicho kimekaa wazi mbele yenu.

Na hapo ndo kosa langu. Kijana mmoja aliniletea barua ya hospitali ya babake, mzee mvuvi, alitaka Kiswahili chake kwa ajili ya kikao cha ukoo cha kuchanga pesa. Kwa barua kulikuwa na colostomy. Ilikuwa Ijumaa, nilikuwa na haraka ya msikitini, nikaona colo, utumbo mpana, nikaona -omy mwishoni, nikaandika "ameondolewa utumbo mpana". Ingekuwa colectomy ningekuwa sawa. Jioni nikasikia kwenye kikao kulikuwa na kilio kama matanga, shangazi mmoja auliza sasa kaka atakula vipi, mwengine ashaanza kuhesabu siku, na pesa zikachangwa nyingi mno kwa sababu ya huzuni. Aliyeokoa ni binti wa ukoo huo huo, muuguzi, aliyetoka zamu akaiomba ile barua ya Kiingereza, akaisoma akasema hapana, utumbo wake mwingi bado uko, wametoboa tundu tumboni choo kipitie hapo.

Nilikwenda kesho yake kuomba radhi, nimebeba karatasi mpya na kilo mbili za halua. Mzee alikuwa amekaa kitandani na mfuko wake chini ya kikoi, nikamweleza lile neno, kwamba stoma ni mdomo na sikulitazama vizuri. Akafikiri kidogo. Akawageukia dada zake waliokuwa wamejipanga mkekani, akasema, "Kumbe mie nimeongezwa mdomo, nanyi usiku kucha mwanililia ati nimepunguzwa utumbo."